Bata Milia: Wasifu wa Ndege Moja Ndogo

Ndege ndogo ina wasifu kama mtu. Ina mwaka wa kuzaliwa, ina jina, ina wenyewe walioimiliki, ina safari zake na ajali zake, na mara nyingine hata kaburi inalo. Leo nataka kukusimulia wasifu wa ndege moja tu. Ilikaa katika anga ya Tanganyika kwa miezi kumi na tatu hivi, tangu mwisho wa mwaka 1957 hadi tarehe 10 Januari 1959. Ubavuni iliandikwa herufi tano, D-ENTE, na mwili wake mzima ulipakwa milia myeusi na myeupe kama pundamilia.

Washikaji zangu hapa Mjimwema wameniuliza: wewe mtu wa Njombe, mtoto wa mahindi na viazi, Serengeti inakuhusu nini? Na ndege ya Mjerumani je? Jibu langu ni kwamba ndege ile ilituachia namba na sinema, na mpaka leo vitu hivyo viwili haviachi kutajwa kila inapobishaniwa nani akae wapi na nani ahame. Sisi wa huku tunaijua habari hiyo kwa upande wa Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa na ng'ombe wao katika bonde la Usangu, pale Mbarali, jirani zetu kabisa, na mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa hiyo habari ya ndege hii si ya mbali kiasi hicho.

Tuanze na kuzaliwa kwake. Ilikuwa ya aina ya Dornier Do 27. Baada ya Ujerumani kushindwa vita mwaka 1945, mataifa yaliyoshinda yalipiga marufuku Wajerumani kutengeneza ndege, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1955. Bwana Claude Dornier, ambaye kiwanda chake kiliwahi kuunda ndege za kutupa mabomu, akahamishia kazi yake Hispania, na huko ndiko wazo la ndege hii lilikoanzia. Do 27 ya kwanza iliruka mwaka 1955, na baadaye ikawa ndege ya kwanza kutengenezwa kwa wingi Ujerumani Magharibi baada ya vita. Nyingi zilinunuliwa na jeshi.

Ilikuwa ndege ya aina gani? Injini moja mbele, yenye nguvu za farasi kama 270. Mabawa yalikaa juu ya paa, hivyo aliyeketi ndani aliiona ardhi vizuri bila kuzibwa na kitu. Magurudumu yalikuwa magumu na hayakukunjwa. Sifa yake kubwa ni kwamba ilihitaji kipande kifupi tu cha ardhi ili iruke au itue, na iliweza kwenda polepole angani bila kuanguka. Kwa mtu anayetaka kutua porini pasipo kiwanja, kisha aende taratibu juu ya kundi la wanyama akitazama chini, usingempa chombo bora zaidi kwa wakati ule.

Sasa wenyewe. Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo na mkuu wa bustani ya wanyama ya mjini Frankfurt tangu 1945. Mwanawe Michael alizaliwa mwaka 1934. Baba na mwana walitengeneza sinema kuhusu wanyama wa Afrika wanavyokosa mahali pa kukaa, ikatoka mwaka 1956, ikapata tuzo Berlin na kuingiza fedha nyingi kuliko walivyotazamia. Wakataka fedha hizo zisaidie kuilinda Serengeti. Mkuu wa hifadhi za taifa za Tanganyika wakati huo, Kanali Peter Molloy, akawaambia kitu kingine: njooni mhesabu wanyama, mtuambie wanahamia wapi. Serikali ya mkoloni ilikuwa na mpango wa kubadili mipaka ya hifadhi, na hakuna aliyejua kwa hakika nyumbu wanapita wapi kati ya masika na kiangazi.

Basi wakajinunulia ndege, na wote wawili wakaenda kujifunza urubani. Michael alikuwa na miaka 23. Hebu fikiria, bwana. Mimi nina miaka 24, nimemaliza kidato cha nne, na chombo kikubwa kuliko vyote nilichowahi kukiendesha ni baiskeli ya mjomba, tena breki yake ilikuwa ni soli ya kiatu changu. Yule kijana mwenye leseni mbichi, na baba yake wa miaka 48 mwenye leseni mbichi vilevile, wakaondoka Frankfurt Desemba 1957, wakavuka bahari ya Mediterania na kuingia Afrika hadi Serengeti, ndani ya ndege ya injini moja. Injini moja maana yake ikizimika hakuna ya pili.

Jina nalo lina mchezo wake. Katika usajili wa ndege kila nchi ina alama yake. Tanzania ni 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X. Wakati wa mkoloni ndege za Tanganyika ziliandikwa VR-T. Ujerumani ni D, na herufi E inayofuata huonyesha ndege nyepesi ya injini moja. Ukiisoma D-ENTE kwa kuruka ile herufi ya kwanza unapata neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Kwa hiyo aliyekuja Serengeti ni bata mwenye milia ya pundamilia. Nimesema tangu zamani kwamba Wajerumani wana utani ila wanauficha.

Kuhusu Wajerumani, niweke neno moja pembeni. Walipokuja huku kwetu mara ya kwanza hawakuja kuhesabu nyumbu. Misheni ya Yakobi, si mbali na Njombe mjini, ilishambuliwa mwaka 1905 katika vita ya Maji Maji, na vita ile pamoja na njaa iliyofuata vilimaliza watu wengi wa nyanda za kusini. Simlaumu Michael kwa hilo, hakuwa amezaliwa. Ninachosema ni kwamba Mjerumani akirudi miaka hamsini baadaye na kutazama ardhi kutoka juu, mtu wa chini ana haki ya kuuliza anatazama nini.

Alitazama wanyama. Januari 1958 waliigawa nchi ile vipande vipande kwenye ramani, wakairuka kwa misitari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta. Rubani alishika mstari, na waliobaki wakahesabu kila mmoja upande wake. Wanyama wengine waliwakamata na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni, ili wakionekana tena miezi ya mbele ijulikane wametoka wapi. Walikusanya pia majani na kuchunguza nyumbu wanapenda yapi. Hesabu ilipofungwa walipata wanyama 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481, pundamilia 57,199, na swala wa aina mbili, tomi na granti, 194,654.

Ninazipenda namba hizi kwa sababu hazina haya. Haikuandikwa laki moja, iliandikwa elfu tisini na tisa, mia nne na themanini na mmoja. Ukiisoma unaamini kila nyumbu aliitwa kwa jina akaitika. Lakini mwaka 1961 wengine walihesabu tena na kupata nyumbu zaidi ya 260,000. Nyumbu hawazai kwa kasi ya panya! Katika miaka mitatu hawawezi kuongezeka kiasi hicho, kwa hiyo wengi walipitwa mwaka 1958. Si ajabu. Kundi la maelfu linakimbia, vumbi linatimka, ndege inapita, na jicho lina nafasi ya sekunde chache. Hata karani wa mnada akihesabu ng'ombe waliosimama zizini hukosea.

Kwa upande wa njia za nyumbu walifanya kazi ya maana zaidi. Waliona kwamba makundi makubwa hutumia sehemu ya mwaka nje ya mipaka mipya iliyokuwa inapangwa, kwa sababu nyumbu hafuati ramani, anafuata majani. Lakini serikali ilikuwa na hesabu zake. Tarehe 21 Aprili 1958, wakati bata milia bado yuko katika anga ileile, wazee 12 wa Kimasai waliweka alama zao kwenye karatasi ya Kiingereza inayosema kwamba wanaiacha Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikakatwa kutoka hifadhi ya Serengeti, ikawa eneo la pekee ambamo Wamasai na mifugo yao wangeishi pamoja na wanyamapori, na Serengeti ikaongezwa upande wa kaskazini kuelekea mpaka wa Kenya. Ngorongoro ikawa kama malipo kwa waliohamishwa.

Mzee Grzimek hakupenda mgawanyo ule. Alilalamika kwamba Serengeti imekatwa mkono. Na juu ya watu alikuwa na msimamo mkali, akaurudia maisha yake yote: hifadhi ya taifa lazima ibaki pori, asikae mtu ndani, awe mweusi au mweupe. Ukisikia haraka ni maneno ya haki, maana yanamgusa kila mtu. Ila mweupe hakuwa na boma Moru wala ng'ombe wa kunywesha pale. Sheria inayowakataza wote kulala chini ya daraja humuumiza yule asiye na nyumba tu.

Turudi kwenye ndege, maana nimeahidi kueleza na ajali.

Afrika Mashariki imekula ndege ndogo nyingi. Denys Finch Hatton, yule rafiki wa mwandishi Karen Blixen, aliruka na Gipsy Moth yake kutoka Voi tarehe 14 Mei 1931, ikaanguka na kuwaka moto palepale. Alikufa yeye na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Vitabu na sinema vikamkumbuka mmoja. Januari 1954 Ernest Hemingway alikuwa anaangalia maporomoko ya Murchison kule Uganda katika Cessna. Rubani alijaribu kukwepa kundi la ndege wa mwituni, akagonga waya wa zamani wa simu na kuanguka porini. Wakaokolewa. Kesho yake, huko Butiaba, wakapanda ndege nyingine iwatoe, nayo ikashika moto kabla haijaruka. Hemingway alitoka na majeraha mabaya, akasoma magazetini habari za kifo chake mwenyewe, na mwaka uleule akapewa tuzo ya Nobel. Waandishi chipukizi msiige njia hiyo.

Uone basi, ndege zenye injini zinagombania anga na ndege wenye uhai. Kwa Serengeti anayetisha zaidi ni tumbusi. Palipo na nyumbu wengi pana mizoga mingi, na palipo na mizoga tumbusi hawakosi. Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda juu, na tumbusi hutandaza mabawa na kupandishwa nayo bila kupiga hata bawa moja, akizunguka na kutazama chini. Anatazama chini! Yaani anafanya kazi ileile aliyokuwa anafanya Michael, kwa kimo kilekile, saa zilezile. Wapo wapandao mbali zaidi. Mwaka 1973, juu ya Abidjan, tumbusi mmoja aligongana na ndege kubwa ya abiria kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000.

Tumbusi mkubwa ana uzito wa kilo saba, nane hivi. Ukimdondosha begani mwa mtu atakuumiza kidogo. Lakini kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne, na bawa la ndege ndogo ni mifupa ya bati iliyovikwa bati jembamba. Ndani yake zinapita nyaya za kuongozea. Rubani anapovuta usukani ni nyaya hizo zinazovutika mpaka kwenye ncha za bawa, mambo ya mikono mitupu, kama breki ya baiskeli.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Tumbusi akagonga bawa la kulia. Bawa likapindika, nyaya zikakwama, na ndege isiyoongozeka ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Injini haikuzimika, mafuta hayakwisha, hali ya hewa haikuharibika, na ndege yenyewe ilikuwa mpya, haina miaka miwili. Ukiandika ripoti ya usalama ya D-ENTE utajaza ukurasa kwa mambo yaliyokuwa sawa, na mstari mmoja wa mwisho utayafuta yote.

Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, chini ya piramidi ndogo ya mawe. Maandishi yake yanasema kwamba alitoa vyote alivyokuwa navyo kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika, hata uhai wake. Sinema waliyokuwa wanaitengeneza ilikamiliziwa na wenzake, akiwemo Alan Root, kijana wa Kenya aliyekuja baadaye kuwa mpiga picha mashuhuri wa wanyama. Iliitwa kwa Kijerumani "Serengeti darf nicht sterben", yaani Serengeti isife. Ilitoka mwaka 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Baba akaandika kitabu chenye jina hilohilo, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Ndani ya kitabu na sinema ile bata milia anaruka mpaka leo, na kivuli chake kinapita juu ya nyumbu.

Hapa ndipo ninapogombana na rafiki zangu. Mmoja, ambaye ni mwandishi wa mashairi na ana hasira za kishairi, anasema Grzimek ni mnyang'anyi, basi. Mwingine anasema bila Grzimek leo tungekuwa tunalima alizeti Seronera. Mimi naona wote wawili wameisoma sinema, hawakuisoma namba.

Namba zinasema hivi. Nyumbu wa Serengeti walifika zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nini kiliwaongeza? Si ndege, si sinema, wala kuhamishwa kwa Wamasai peke yake. Ilikuwa ni kwisha kwa sotoka. Ugonjwa ule uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ukaua ng'ombe karibu wote wa wafugaji, na kwa miongo mingi uliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka hifadhi walipochanjwa, miaka ya 1950 na 1960, sotoka ikakosa mahali pa kujificha, na nyumbu wakapona bila kudungwa hata sindano moja. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Kumbe mfugaji aliyekubali kumleta ng'ombe wake kwenye sindano aliiokoa Serengeti zaidi ya vile anavyosifiwa. Hana piramidi.

Nasema hivyo bila kumnyima Michael lake. Kijana alikuja, akafanya kazi ya kweli, akaipenda nchi asiyozaliwa, akafia humo. Na baba yake aliendelea kuichangishia Serengeti fedha katika televisheni ya Ujerumani kwa miaka mingi, akafika Ikulu na kuzungumza na Mwalimu Nyerere, na shirika lake la Frankfurt bado linafanya kazi Serengeti. Lakini Ngorongoro, ile iliyotolewa kama malipo, nayo ilianza kupunguzwa kidogo kidogo. Kilimo kilipigwa marufuku ndani yake mwaka 1975. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema wamehama kwa hiari, na wako Wamasai waliokwenda mahakamani na mabarabarani kusema sivyo. Katika ubishi huo namba zinatajwa tena, safari hii za watu na ng'ombe: walikuwa wangapi 1959, wako wangapi sasa, wamezidi kiasi gani. Waliokuwa hawahesabiki kutoka angani wamehesabiwa hatimaye, ili waambiwe ni wengi mno.

Bernhard Grzimek alifariki Frankfurt mwaka 1987. Majivu yake yakaletwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya mwanawe, ndani ya eneo lilelile alilopinga lisikatwe.

Nina daftari ambalo ndani yake riwaya imeanza. Sura ya kwanza ina ndege milia, ila haimo rubani. Yumo mtoto wa miaka kumi anayechunga karibu na Moru, Januari 1958. Anasikia mngurumo, anainua uso, anaona pundamilia anaruka. Ng'ombe wake wanatawanyika. Ikipita anawakusanya, na kwa kuwa hakufundishwa kuhesabu kwa namba anawataja kwa rangi zao: mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni, yule wa kijivu wa mama. Anakuta mmoja hayupo, na sura inaishia yeye akienda kumtafuta upande ndege ilikoelekea.